Mwanafunzi Akichelewa Hutozwa Faini. Je, Serikali Ikichelewa?

Katika nchi yetu elimu ya juu imezaa madeni ya aina mbili. Deni la kwanza ni lile ambalo mwanafunzi anadaiwa na Serikali. Hilo lina sheria, lina tarehe, lina riba na lina faini. Deni la pili ni lile ambalo Serikali inadaiwa na mwanafunzi, yaani ruzuku iliyoahidiwa kumlipia sehemu ya karo yake. Hilo lilianzishwa kwa tangazo. Halina faini, na viwango vyake havikuandikwa katika sheria yoyote ya Bunge. Wengi wamezungumza kuhusu kiasi cha ruzuku hiyo, kama kinatosha au hakitoshi. Sisi tunataka kuuliza swali lililotangulia hilo: kwa nini ahadi ya mnyonge kwa Serikali ifungwe kwa minyororo ya sheria, ilhali ahadi ya Serikali kwa mnyonge inaachwa ielee hewani?

Tuanze na deni la mwanafunzi. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu huiita HELB, ilipitishwa mwaka 1995, na waliyoiandika hawakuacha mwanya. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, aliyekopa hutakiwa kuanza kulipa, awe amepata kazi au hajapata. Riba ni asilimia 4. Akinyamaza, huandikiwa faini ya KSh 5,000 kwa kila mwezi anaochelewa. Akiajiriwa, mwajiri wake hulazimika kukata fedha hizo kabla ya mshahara kumfikia mwenyewe. Jina lake laweza kupelekwa kwenye ofisi zinazoweka kumbukumbu za wasiolipa madeni, hata asiweze kukopeshwa na benki. Na aendapo kuomba kazi ya umma, huulizwa cheti cha HELB cha kuthibitisha kwamba hadaiwi, au kwamba analipa.

Hatusemi kwamba mkopo usilipwe. Wengi wetu tuliosoma katika vyuo vikuu vya umma mwanzoni mwa karne hii tulikopa na tukalipa, na tunajua kwamba fedha aliyoirudisha mmoja ndiyo iliyomsomesha mwenzake. Dawa ya deni ni kulipa. Mahakama nazo zimekwisha kuweka mpaka wa ukali huo: mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini za mikopo ya HELB haziwezi kuzidi kiasi kilichokopwa. Basi upande huu wa mizani umenyooshwa. Tuutazame upande wa pili.

Historia yafaa ikumbukwe hapa. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo mwaka 1952 kwa ajili ya Wakenya wachache waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Baada ya Uhuru, umma ndio uliobeba mzigo mkubwa wa chuo kikuu, na mnamo 1974 ukaanzishwa mpango wa mikopo kwa wanafunzi. Mpango huo haukuwa na nguvu za kisheria za kudai fedha zilizokopeshwa, na wengi waliozipokea walizihesabu kuwa zawadi. Kisha ukaja mwaka 1991. Katika masharti ya kiuchumi yaliyoungwa mkono na Benki ya Dunia, Serikali ilileta mpango wa kugawana gharama katika vyuo vikuu. Wanafunzi waligoma, na vyuo vikafungwa. Desemba ya mwaka huo huo, Bunge lilikifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, na vyama vingi vikarejea. Miaka minne baadaye ikapitishwa Sheria ya HELB.

Wasomaji wetu watambue jambo moja katika mfuatano huo. Serikali ilipotaka kurudishiwa fedha zake, iliona wazi kwamba deni lisilo na sheria halilipwi. Ikaenda Bungeni, ikaandika vifungu, ikajipa meno. Tunauliza: busara hiyo ilikwenda wapi ilipofika zamu ya kumlipa mwanafunzi?

Haki yatudai pia tuseme ukweli kuhusu mfumo uliotangulia huu wa sasa. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma na Serikali alilipa karo ya KSh 16,000 kwa mwaka, na HELB ilimkopesha hadi KSh 60,000. Mtoto wa waziri na mtoto wa skwota walilipa sawasawa. Hilo halikuwa jambo la haki. Aidha, vyuo havikuweza kuishi kwa fedha hizo. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha na vingine, vilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia karo kamili, na fedha zao zikaziba pengo. Lakini matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2016 yalipotangazwa, waliopata alama ya C+ na zaidi walikuwa 88,929 tu. Serikali ikaweza kuwapa nafasi wote, na wale wa kujilipia wakapungua mno. Serikali ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi. Kilichofika kilipungua mwaka baada ya mwaka, hata kikawa chini ya nusu. Vyuo vikaingia katika madeni ya mabilioni, ilhali idadi ya wanaofuzu ikipanda: katika KCSE ya 2024 waliopata C+ na zaidi walifika 246,391.

Ndipo mnamo Mei 2023 Rais William Ruto alipotangaza mfumo mpya. Fedha hazingepelekwa tena kwa chuo kwa mkupuo. Zingemfuata mwanafunzi, na kila mmoja angepewa kwa kadiri ya uhitaji wake. Mwaka 2024 mfumo huo ukapangwa upya katika madaraja matano ya mapato ya familia. Daraja la kwanza ni la familia zisizopata zaidi ya KSh 5,995 kwa mwezi: ruzuku asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Daraja la pili lafika KSh 23,670, kwa ruzuku ya asilimia 60, mkopo 30 na familia 10. La tatu lafika KSh 70,000: ruzuku 50, mkopo 30, familia 20. La nne lafika KSh 120,000: ruzuku 40, mkopo 30, familia 30. La tano ni la wanaozidi hapo: ruzuku 30, mkopo 30, familia 40. Juu ya hayo upo mkopo wa kujikimu, kuanzia KSh 60,000 kwa daraja la kwanza hadi KSh 40,000 kwa la tano.

Wazo la kumpa zaidi aliye na kidogo ni wazo jema, na hatutalipinga kwa sababu tu limetoka Serikalini. Lakini tufanye hesabu, maana hesabu haina chama.

Tuchukue kozi ya miaka minne inayogharimu KSh 300,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa daraja la kwanza, yaani maskini kuliko wote, atapata ruzuku ya KSh 210,000. Familia yake, inayoishi kwa chini ya KSh 6,000 kwa mwezi, itatoa KSh 15,000. Yeye atakopa KSh 75,000 za karo na KSh 60,000 za kujikimu, jumla KSh 135,000. Akimaliza miaka minne atakuwa na deni la KSh 540,000 kabla ya riba. Chini ya mfumo wa zamani, aliyekopa kiasi cha juu kabisa alitoka na deni la KSh 240,000. Maskini wa leo anasaidiwa, naam, lakini anatoka chuoni akiwa na deni linalozidi mara mbili lile la maskini wa jana, na soko la kazi tunalijua lilivyo.

Tutazame sasa mpaka baina ya daraja la tatu na la nne. Familia inayopata KSh 70,000 kwa mwezi italipa KSh 60,000 kwa mwaka kwa kozi hiyo hiyo. Jirani yao, mwalimu na mkewe tuseme, wanaopata KSh 71,000, watalipa KSh 90,000. Nyongeza ya KSh 1,000 kwa mwezi, ambayo ni KSh 12,000 kwa mwaka, imewaongezea mzigo wa KSh 30,000. Na kama wana watoto wawili chuoni, mzigo huo ni mara mbili. Sheria ya kodi ya mapato haimtendei mtu hivyo. Anayepanda ngazi hutozwa zaidi kwa ile sehemu iliyozidi tu. Mfumo wa madaraja umejengwa kama ukuta, na anayekanyaga upande wa pili kwa unyayo mmoja huhesabiwa kuwa amehama.

Na mapato yenyewe yanapimwaje? KSh 5,995 ni namba inayotamkwa kwa uhakika wa mizani ya dhahabu. Lakini mvuvi wa Homa Bay ana mapato gani ya mwezi, wakati samaki huja na kwenda? Mkulima wa majani chai wa Kericho hutegemea bonasi ya mara moja kwa mwaka. Mfugaji wa Marsabit ni tajiri mvua ikinyesha, na ukame ukipita na mifugo yake hana kitu. Hao hawana karatasi ya mshahara. Wenye karatasi hiyo, yaani walimu, wauguzi na makarani, ndio wanaoonekana wazi kabisa, na wafanyabiashara wakubwa wanajua namna ya kutoonekana. Mwaka 2024 wanafunzi wengi walilalamika hadharani kwamba wamewekwa katika madaraja yasiyolingana na hali za nyumbani kwao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kompyuta haimjui hata mmoja wao, isipokuwa kwa yale iliyojazwa.

Hapa ndipo Katiba ya 2010 inapoingia. Kifungu cha 43 chasema elimu ni haki ya kila mtu. Kifungu cha 47 champa kila mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu za uamuzi huo kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inamkinga mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake bila mwanadamu kuupitia. Binti aliyewekwa daraja la nne badala ya la pili hakuombi upendeleo anapouliza kwa nini. Anadai alichopewa na sheria kuu ya nchi. Kumwonyesha namba ya daraja katika simu yake si kumpa sababu.

Mahakama zimekwisha kuitwa katika shauri hili. Oktoba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alisimamisha utekelezaji wa mfumo huo, na tarehe 20 Desemba 2024 akatoa hukumu kwamba unakiuka Katiba: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na wanafunzi walibaguliwa. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo ili rufaa isikilizwe, na mfumo ukaendelea kutumika. Baadaye mwaka huo Serikali ikatangaza kupunguzwa kwa karo katika vyuo vikuu vya umma. Tunashukuru kwa kila shilingi iliyopunguzwa. Hata hivyo tunawakumbusha wenzetu kwamba kinachotolewa kwa tangazo chaweza kuondolewa kwa tangazo. Mzazi hawezi kupanga maisha ya mtoto kwa miaka minne akitegemea hotuba.

Tuje sasa kwenye uchelewaji wenyewe. Ruzuku isipofika kwa wakati, chuo hukosa fedha za kuwalipa wahadhiri, na mwanafunzi huambiwa hawezi kujiandikisha au kuketi mtihani kwa kuwa akaunti yake inaonyesha deni. Deni la nani? Yeye alikwisha kulipa sehemu ya familia. Kilichobaki ni sehemu ya Serikali. Anaadhibiwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa kosa la mdhamini wake, na mdhamini huyo haandikiwi faini ya KSh 5,000, jina lake halipelekwi popote, wala hakuna anayemwomba cheti.

Pengo hilo nani hulijaza? Ndugu zetu wa makanisani wanalijua jibu. Jumapili baada ya Jumapili, matangazo ya ndoa na ya mazishi yakiisha, husomwa jina la kijana aliyeitwa chuo kikuu na hana karo, na kikapu huzungushwa. Huo ni upendo, nasi hatuubezi. Lakini mama mboga anayetia KSh 50 katika kikapu alikwisha kulipa kodi katika sukari na katika nauli ya matatu. Anachanga mara mbili kwa kitu kimoja. Isitoshe, mwanafunzi anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi, vikiwemo vile vilivyojengwa na makanisa yetu, katika mfumo wa 2023 aliruhusiwa mkopo lakini akanyimwa ruzuku, ijapokuwa wazazi wake hutozwa kodi kama wengine.

Mwingine anayejaza pengo ni mwanasiasa mwenye basari. Hundi kubwa ya karatasi huinuliwa uwanjani, picha hupigwa, na mzazi husimama kwenye jua akingoja jina lake. Fedha zile ni za umma, lakini shukrani huenda kwa mtu. Hatukatai kwamba basari zimewasomesha vijana wengi. Tunalokataa ni kumfanya raia mwenye haki kuwa mwombaji. Wale waliodai mageuzi katika miaka ya tisini hawakudai tu wingi wa vyama katika karatasi ya kura. Walidai nchi inayotawaliwa kwa sheria badala ya hisani ya mkubwa. Ruzuku ya masomo ni mahali pazuri pa kupimia kama dai hilo limetimizwa.

Tutaambiwa: Serikali haina fedha. Huenda ikawa kweli kwamba hazitoshi. Lakini Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema kwamba Serikali inapodai haina uwezo wa kutimiza haki ya aina hii, ni juu yake kuonyesha kwamba uwezo huo haupo. Haitoshi kutamka, lazima ifungue vitabu. Kifungu cha 201 nacho kinataka mizigo na manufaa ya fedha za umma vigawanywe kwa haki baina ya kizazi cha sasa na vijavyo. Wengi wa wanaotawala leo walisomeshwa chuo kikuu na umma. Si haki waliovuka kwa daraja la wananchi walivunje nyuma yao, kisha wawauzie watoto wa wananchi mtumbwi kwa mkopo.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, Bunge lipitishe sheria ya ruzuku itakayotaja viwango, tarehe za kutoa fedha, na matokeo ya kuchelewa. Na sheria hiyo iseme waziwazi kwamba hakuna mwanafunzi atakayezuiwa kujiandikisha au kufanya mtihani kwa sababu ya sehemu inayodaiwa Serikali. Pili, kila mwanafunzi apewe barua yenye sababu za daraja lake, na rufaa yake isikilizwe na binadamu na iamuliwe kabla ya muhula kufungwa. Tatu, kuta baina ya madaraja zibomolewe, ruzuku ipungue hatua kwa hatua mapato yanapopanda, na idadi ya watoto walio shuleni ihesabiwe. Nne, kila robo ya mwaka wizara itangaze ni kiasi gani kilichoahidiwa kwa kila chuo, na ni kiasi gani kilichofika.

Wala tusingoje Bunge tukiwa tumekunja mikono. Katika kila parokia na kila usharika wapo walimu, wapo makarani, na mara nyingi yupo wakili. Hao wanaweza kuketi na vijana kwa saa mbili baada ya ibada, wakawasaidia kujaza fomu kwa usahihi, kuandika rufaa, na kudai sababu kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47. Kila barua iwekewe nakala. Kila jibu, na kila kimya, kiandikwe tarehe. Nakala mia moja kutoka eneobunge moja ni ushahidi ambao mbunge hawezi kuupuuza wala mahakama haiwezi kuuita uvumi. Na kikapu kikizungushwa tena kwa ajili ya karo, mhazini aandike kando ya kiasi kilichochangwa: ni sehemu gani ya hizi ilikuwa ya familia, na ni sehemu gani Serikali iliahidi na haikuleta? Hesabu hiyo ipelekwe kwa mbunge, isomwe mbele yake, na aulizwe atalipa lini. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa.